Kuhamisha Diski Kuu ya Kompyuta Bila Kupoteza Kumbukumbu

Kata ya Migato imo katika wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, katika eneo ambalo kabla ya mwaka 2012 lilikuwa sehemu ya wilaya ya Bariadi. Kama ilivyo sehemu kubwa ya nchi ya Wasukuma, hapa mkulima hulima mahindi, mtama na viazi kwa ajili ya chakula, na pamba kwa ajili ya fedha. Msimu wa ununuzi wa pamba, ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, ndio wakati ambapo daftari la ushirika huwa na thamani kuliko wakati mwingine wowote. Ndani yake mna uzito wa pamba aliyouza kila mwanachama, deni la mbegu na viuatilifu alivyokopeshwa, na malipo anayostahili kupata.

Na ichukuliwe, kwa ajili ya somo hili, ofisi ya chama cha msingi katika kata ya namna hiyo. Daftari lake sasa limo katika kompyuta moja. Mwishoni mwa mwezi Aprili katibu anapojaribu kuingiza majina ya wanachama wapya, mashine inamjibu kwamba diski imejaa. Diski hiyo ni ya gigabaiti 250. Ina mfumo endeshi wa kompyuta, programu ya hesabu, na kumbukumbu za misimu kadhaa.

Katibu ana njia tatu. Ya kwanza ni kufuta kumbukumbu za zamani ili apate nafasi. Lakini mkulima aliyelipa deni lake miaka miwili iliyopita atathibitishaje kuwa alilipa, ikiwa ushahidi umefutwa? Ya pili ni kununua diski kubwa na kuanza upya, yaani kuweka mfumo endeshi, programu zote na mipangilio yote tena. Kazi hiyo huhitaji kupakua mafaili makubwa kutoka intaneti, na huenda namba za siri za leseni za programu zikawa zimekwisha kupotea. Njia ya tatu ni kuinakili diski nzima, jinsi ilivyo, juu ya diski kubwa zaidi. Nakala ya namna hiyo huitwa nakala pacha, na ndiyo inayoelezwa katika makala haya.

Diski na yaliyomo

Diski ya kwanza ya kompyuta iliyouzwa kibiashara ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na uzito wa mtambo mzima ulikaribia tani moja. Pamoja na ukubwa huo wote, iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Diski ya terabaiti moja inayouzwa madukani leo huingia katika mfuko wa shati, ilhali huhifadhi mara 200,000 ya kiasi hicho.

Tanzania nayo imepata kujifunza mapema kwamba kompyuta pasipo utaratibu mwema wa kumbukumbu huweza kuleta hasara. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta kwenda mrama, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, lakini fundisho lake lingali na nguvu: mashine hainunuliwi na kuachwa ijitunze yenyewe.

Ziko diski za aina mbili kuu. Aina ya zamani ina sahani zinazozunguka, na kichwa kidogo kinachosoma na kuandika kwa nguvu ya sumaku. Aina mpya haina kitu kinachozunguka. Huhifadhi taarifa katika vijipande vya elektroniki, kama ilivyo flashi. Aina hii ina kasi kubwa zaidi, haiumizwi upesi na mtikisiko, na hutumia umeme kidogo. Fundi anaweza kunakili kutoka aina moja kwenda nyingine, maadamu viunganishi vinapatana na kompyuta inayohusika.

Kwa nini kunakili mafaili hakutoshi

Wengi hudhani kwamba kuhama diski ni sawa na kuhamisha mahindi kutoka kihenge kidogo kwenda kihenge kikubwa: yamimine yote, na kazi imekwisha. Dhana hiyo si sahihi. Punje ya mahindi haijali iko juu au chini ya kihenge, lakini kompyuta hujali sana kila kitu kiko mahali gani.

Kompyuta inapowashwa haijui bado mafaili ni nini. Programu ndogo iliyomo katika ubao wake mkuu huamka kwanza na kuitafuta diski. Huko husoma jedwali linaloonyesha jinsi diski ilivyogawanywa katika sehemu mbalimbali. Kisha huitafuta sehemu yenye programu ya kuamsha mfumo endeshi, na programu hiyo ndiyo inayouita mfumo wenyewe. Iwapo kiungo kimoja katika mnyororo huo kimekatika, kioo hubaki cheusi au huonyesha maneno ya kuomba diski yenye mfumo, hata kama mafaili yote ya katibu yamo ndani salama salimini.

Katika kompyuta za kisasa zenye Windows, diski kuu aghalabu huwa na sehemu nne. Ya kwanza ni ndogo, mara nyingi ya megabaiti 100 hivi, na ndiyo yenye programu ya kuamsha mfumo. Ya pili ni ya megabaiti 16, ambayo mfumo umejitengea. Ya tatu ndiyo kubwa, ile inayojulikana kwa herufi C. Ya nne ni ya uokozi, inayotumika mfumo unapoharibika. Mtumiaji wa kawaida huiona ile ya tatu pekee. Anaponakili mafaili anayoyaona, huziacha nyuma sehemu tatu asizoziona. Nakala pacha huzichukua zote, pamoja na jedwali lenyewe.

Maandalizi

Kazi hii haina budi kutanguliwa na maandalizi, na katika maandalizi ndimo usalama wote ulimo.

Jambo la kwanza ni nakala ya akiba. Kabla ya kuigusa diski, mafaili ya hesabu yanakiliwe katika chombo cha tatu, kama vile flashi au diski ya nje, na chombo hicho kiondolewe kabisa kwenye kompyuta. Nakala pacha haichukui nafasi ya nakala ya akiba.

Jambo la pili ni kupima afya ya diski ya zamani. Diski nyingi hujiwekea rekodi ya makosa yao, na ziko programu za bure zinazoisoma rekodi hiyo. Ikiwa diski ni nzima, fundi aendeshe amri ya CHKDSK ili kurekebisha makosa madogo ya mpangilio. Lakini ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga, au rekodi yake inaonyesha kwamba inakufa, amri hiyo isitumike, kwani itaichosha diski iliyokwisha choka. Katika hali hiyo hutumika programu ya ddrescue, ambayo huziokoa kwanza sehemu nzima, kisha ndipo hurudi kujaribu zile mbovu.

Jambo la tatu ni kuangalia kama diski imefungwa kwa maandishi ya siri. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hutumia BitLocker, na huenda mwenye kompyuta asijue. Ufunguo wa uokozi uandikwe karatasini na kuhifadhiwa, na ulinzi huo uondolewe mpaka kazi itakapokwisha.

Jambo la nne ni kuizima kompyuta kikamilifu. Windows ina desturi ya kulala nusu inapozimwa, ili iweze kuamka upesi. Diski ya mfumo uliolala nusu haijafungwa sawasawa, na programu nyingi za kunakili huikataa. Amri ya powercfg /h off, ikitolewa na mwenye mamlaka ya usimamizi wa kompyuta, huondoa desturi hiyo.

Jambo la tano ni umeme. Kompyuta ya mezani iunganishwe na betri ya akiba, na kompyuta mpakato iwe imejaa chaji. Hata hivyo msomaji asiingiwe na hofu kupita kiasi. Wakati wa kunakili, diski ya zamani husomwa tu, haiandikwi. Umeme ukikatika katikati, kinachoharibika ni nakala mpya ambayo haijakamilika. Kazi itaanza tena tangu mwanzo, lakini kumbukumbu za asili zitakuwa zimesalimika.

Hesabu ya ukubwa na muda

Diski mpya lazima iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani. Hapa yapo mambo mawili ya hesabu yanayowatatiza wengi.

Kwanza, diski iliyoandikwa terabaiti 1 huonekana ndani ya Windows kama gigabaiti 931. Mnunuzi hajaibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Kwa kanuni hiyo hiyo diski ya gigabaiti 250 huonekana kuwa na 232. Wizi wa kweli upo kwingine: ziko diski na flashi za bandia ambazo hujitangaza kuwa kubwa, lakini zikiandikwa kupita ukubwa wake halisi hupoteza yaliyotangulia. Diski yenye bei ya chini mno ipimwe kwanza kwa programu inayoijaza yote na kuisoma tena.

Pili, muda hutegemea njia ya kuunganisha. Diski mpya ikiunganishwa nje kwa kebo ya USB ya kizazi cha pili, kasi huwa kama megabaiti 30 kwa sekunde. Gigabaiti 250 zikigawanywa kwa kasi hiyo hupatikana sekunde 8,333, yaani saa mbili na dakika kumi na tisa. Ikiwa tundu ni la kizazi cha tatu na diski zinaweza megabaiti 100 kwa sekunde, kazi hiyo hiyo huchukua sekunde 2,500, yaani dakika 42 hivi. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi itamalizika kwa mara moja.

Kunakili kwenyewe

Programu za kazi hii ni nyingi. Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan, hutolewa bure na huendeshwa kutoka katika flashi bila kuutegemea mfumo uliomo ndani ya diski. Faida yake nyingine ni kwamba hunakili nafasi zilizotumika tu, ikaruka zilizo tupu, na hivyo kufupisha muda uliokwisha hesabiwa hapo juu.

Fundi huziunganisha diski zote mbili, huwasha kompyuta kutoka katika flashi, na kuchagua kunakili kutoka diski nzima kwenda diski nzima. Kisha programu humwuliza maswali mawili: ipi ni diski ya chanzo, na ipi ni diski ya kupokea?

Hapa ndipo penye hatari kuu ya kazi nzima. Fundi akiyageuza majibu hayo, programu itaichukua diski mpya iliyo tupu na kuinakili juu ya ile yenye kumbukumbu. Haitajua kwamba imekosea. Itatii kama ilivyoagizwa. Katika dakika za mwanzo tu jedwali la diski ya zamani litakuwa limefutwa, na pamoja nalo njia ya kuyafikia madeni na malipo ya wakulima wote. Kwa sababu hiyo fundi asitegemee majina kama sda na sdb, kwani majina hayo huweza kubadilishana kila kompyuta inapowashwa. Atazame ukubwa na namba ya utambulisho iliyobandikwa juu ya kila diski. Ndogo ndiyo chanzo, kubwa ndiyo ya kupokea. Ni vyema namba hizo ziandikwe karatasini kabla ya kuanza, na mtu wa pili, hata akiwa karani asiyejua kompyuta, azisome kwa sauti kabla ya fundi kukubali. Clonezilla yenyewe huuliza uthibitisho zaidi ya mara moja; maswali hayo yasijibiwe kwa haraka.

Baada ya kunakili

Kazi ikiisha, kompyuta izimwe, na diski ya zamani iondolewe kabla ya kuwasha tena. Sababu ni kwamba diski hizo mbili sasa zina alama moja ya utambulisho, mithili ya watu wawili wenye kitambulisho kimoja. Windows ikiziona pamoja huikataa mojawapo, na huenda ikachanganyikiwa kuhusu ipi ya kuamkia.

Diski mpya ikiwa peke yake, kompyuta inapaswa kuamka na kuonekana kama ilivyokuwa jana. Ikigoma, jambo la kuchunguza kwanza ni mipangilio ya ubao mkuu: mpangilio wa kuamka, na namna ya kuamka, ya zamani au ya kisasa, inayopaswa kuwa ile ile iliyotumiwa na diski ya kwanza.

Hapo katibu atashangaa kuona kwamba herufi C ingali na ukubwa wa zamani. Nakala pacha imefuata vipimo vya asili, na nafasi iliyozidi imebaki tupu mwishoni mwa diski. Nafasi hiyo huunganishwa kwa chombo cha usimamizi wa diski kilichomo ndani ya Windows. Lakini mara nyingi chombo hicho hukataa, kwa kuwa ile sehemu ya uokozi imekaa kati ya C na nafasi tupu, kama nyumba iliyojengwa kati ya shamba na nyongeza yake. Dawa yake ni programu ya bure ya GParted, ambayo huisogeza sehemu ya uokozi hadi mwisho, kisha huipanua C.

Kuna kikomo kimoja cha kukumbuka. Jedwali la zamani la mgawanyo, liitwalo MBR, huhesabu sekta kwa namba zisizozidi 4,294,967,296. Sekta moja ikiwa na baiti 512, jumla ni kama terabaiti 2.2. Anayehamia diski kubwa kuliko hiyo hana budi kubadili jedwali liwe la GPT; Windows 10 na 11 zina amri ya MBR2GPT kwa kazi hiyo, mradi ubao mkuu uwe na uwezo wa kuamka kwa namna ya kisasa.

Hatua ya mwisho ni uhakiki. Katibu afungue programu ya hesabu, alinganishe idadi ya wanachama na jumla ya kilo za msimu uliopita na karatasi zilizochapishwa kabla ya uhamisho. Jumla hizo zikilingana, ndipo kazi itakapohesabiwa kuwa imekwisha.

Wajibu wa kuitunza diski ya zamani

Diski iliyotolewa isifutwe siku hiyo. Ibandikwe karatasi yenye tarehe, ifungiwe kabatini kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi, ili kasoro ikijitokeza iwepo pa kurudia. Muda huo ukipita, ifutwe kabisa kwa programu maalumu kabla ya kuuzwa au kutumiwa kwa kazi nyingine. Ndani yake yamo majina, namba za simu na hesabu za benki za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde.

Hali kadhalika ikumbukwe kwamba pacha hurithi maradhi ya mwenzake. Virusi vya kompyuta vilivyokuwamo katika diski ya zamani vitahamia katika mpya. Mfumo uliochakaa utabaki kuwa uliochakaa: Windows 10, kwa mfano, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na diski kubwa haibadili jambo hilo. Na moto au mwizi akiingia ofisini, diski mpya na ya zamani zilizomo katika chumba kimoja zitapotea pamoja. Nakala moja ya akiba ikae mahali pengine.

Mkulima anayefika mwezi Mei na marobota yake hataiona diski, wala hatajua kwamba imebadilishwa. Atakachojua ni kwamba jina lake limo, deni lake alilolipa halikurudi, na kilo zake zimehesabiwa sawasawa. Hicho ndicho kipimo cha kazi ya fundi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kunakili mafaili yote yanayoonekana ndani ya C hakuifanyi diski mpya iweze kuiamsha kompyuta?
2. Umeme umekatika wakati nakala pacha imefika nusu. Diski ipi imeathirika, na fundi afanye nini?
3. Diski ya gigabaiti 500 inanakiliwa yote kwa kasi ya megabaiti 50 kwa sekunde. Kazi itachukua muda gani?
4. Taja sababu mbili za kutoifuta diski ya zamani mara tu baada ya uhamisho, na sababu moja ya kutoiacha bila kufutwa milele.